Uhuishaji wa slaidi unapokwamakwama: tafuta mkosaji kabla ya kubadilisha mipangilio

Mtu ambaye uhuishaji wa slaidi zake unakwamakwama kwa kawaida hupewa ushauri wa aina mbili: azime uharakishaji wa kadi ya michoro (mpangilio unaoiachia kadi hiyo kazi ya kuchora picha za skrini), au anunue kompyuta nyingine. Ushauri wa kwanza hutolewa bila kumuuliza anachokiona hasa kwenye skrini, na wa pili hutolewa bila mtu kulifungua faili lenyewe. Mimi hushughulika sana na slaidi za watu wengine, za semina, za mafunzo kazini na za utetezi wa tasnifu, na kwa kadiri ninavyoona, kompyuta huwa na hatia mara chache kuliko inavyoshutumiwa. Picha inayotembea kwenye ukuta wa ukumbi imepita hatua kadhaa: faili, programu inayolisoma, prosesa pamoja na kadi ya michoro, kebo au adapta, na mwisho projekta au runinga. Kukwama kunaweza kuanzia katika hatua yoyote kati ya hizo, na dawa ya hatua moja haisaidii nyingine. Nitaeleza hapa namna ninavyotafuta chanzo, nikizungumzia zaidi PowerPoint kwenye Windows, kwa kuwa ndiyo ninayoletewa karibu kila mara.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe ilivyo. Skrini ya kawaida hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, maana yake programu ina takriban milisekunde 16.7 tu za kuchora kila fremu, yaani kila picha moja ya mwendo, kabla ya zamu ya inayofuata kufika. Ikichelewa, skrini hurudia fremu ya zamani, na jicho huona kitu kikisimama kisha kikiruka. Jambo la pili ni idadi ya pikseli, yaani vitone vya rangi vinavyounda picha, zinazopaswa kuchorwa ndani ya muda huo. Kompyuta mpakato nyingi za bei nafuu zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768, yaani pikseli milioni moja na kidogo. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni mbili. Runinga ya 4K, yenye 3840 kwa 2160, ina pikseli milioni 8.3, ambazo ni karibu mara nane ya zile za kompyuta mpakato niliyoitaja. Mtu aliyefanya mazoezi nyumbani kwenye skrini yake ndogo, kisha akaunganisha kompyuta ile ile na runinga kubwa mpya ya ukumbi wa mikutano, ameiongezea kompyuta kazi mara nane bila kubadilisha hata herufi moja ndani ya slaidi. Halafu anashangaa kwamba jana ilikuwa nzuri.

Kabla ya kugusa chochote, huwa namwomba mwenye slaidi aicheze mbele yangu mara mbili mfululizo bila kufunga onyesho katikati, kwa sababu namna ya kukwama ndiyo inayoonyesha upande wa kuelekea. Kuna mwendo unaosita mara ya kwanza tu, na slaidi ikirudiwa unapita vizuri kabisa. Huo karibu kila mara husababishwa na picha kubwa ambayo kompyuta ilikuwa bado inaifungua kutoka katika hali yake iliyobanwa, na mara ya pili inaikuta tayari kwenye kumbukumbu. Kuna mwendo unaorukaruka tangu mwanzo hadi mwisho kila unapochezwa, na hapo kazi ya kuchora imezidi uwezo wa mchoraji. Kuna unaokwenda vizuri, ukasimama ghafla kwa nusu sekunde, ukaendelea, kisha ukasimama tena mahali tofauti na pale pa awali. Hapo ujue kuna programu nyingine inayodai nafasi, kama vile kinga ya virusi inayokagua faili, masasisho ya Windows, au OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, inayopandisha mtandaoni nakala ya faili lile lile linaloonyeshwa. Na kuna picha inayoonekana kama imekatwa kwa mstari wa mlalo, sehemu ya juu ikiwa imetangulia sehemu ya chini. Hiyo haitokani na upungufu wa nguvu, bali kadi ya michoro na skrini haziendi pamoja, na hutokea zaidi pale skrini mbili zenye kasi tofauti zinapoonyesha kitu kimoja.

Baada ya hapo hufanya jaribio ambalo naliamini kuliko mipangilio yote. Hufungua onyesho jipya kabisa, tupu, na kuchora mstatili mmoja wa rangi moja isiyo na kivuli, kisha kuupa njia ya mwendo (motion path) ya kuvuka slaidi kutoka kushoto kwenda kulia kwa sekunde tatu. Nikibonyeza F5 kuanzisha onyesho na mstatili huo ukakwamakwama, basi faili la mteja halina kosa, na chanzo ni kompyuta, kebo au skrini. Mstatili ukiteleza vizuri, kosa limo ndani ya faili, na hakuna haja ya kugusa mipangilio ya Windows. Watu wengi huliruka jaribio hili kwa kuona ni la kitoto, wakaishia kusakinisha upya Office nzima kwa ajili ya picha moja ya mandharinyuma.

Jaribio la pili ni kutazama nani anachoka. Nikiwa na skrini mbili, huacha onyesho likiendelea kwenye moja na kufungua Task Manager kwenye nyingine kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha naangalia grafu za prosesa, kumbukumbu, diski na kadi ya michoro. Grafu ya kadi ya michoro ipo tangu toleo la Windows 10 la mwishoni mwa 2017. Prosesa ikiwa imejaa huku kadi ya michoro imelala, uchoraji unafanywa na asiyestahili kuufanya. Kadi ya michoro ikiwa imejaa, slaidi ina pikseli nyingi mno au madoido mengi mno. Diski ikiwa imefika asilimia 100, hasa diski ile ya zamani inayozunguka kwenye kompyuta ya kumbukumbu ya GB 4, basi kumbukumbu imeisha na Windows inahamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha. Hapo dawa ya haraka ni kufunga kivinjari chenye kurasa zake zote zilizoachwa wazi tangu asubuhi, na kulinakili faili kutoka kwenye flash ya USB kwenda ndani ya kompyuta kabla ya kulifungua.

Nirudi sasa kwenye ule ushauri maarufu wa kuzima uharakishaji. Tangu toleo la 2010, PowerPoint hukabidhi sehemu kubwa ya kazi ya kuchora mipito na uhuishaji kwa kadi ya michoro. Ukiuzima uharakishaji, kazi hiyo inarudi kwa prosesa, ambayo haikuundwa kwa ajili ya kuchanganya mamilioni ya pikseli kwa mkupuo. Ni sawa na kumkabidhi konda usukani kwa sababu dereva anasinzia: gari linaweza kusogea, lakini hakuna aliyeuliza kwa nini dereva anasinzia. Mimi hukitumia kisanduku hicho kama kipimo, sikitumii kama tiba. Kipo kwenye menyu ya File, ndani ya Options, ukurasa wa Advanced, sehemu ya Display, na maneno yake ni "Disable Slide Show hardware graphics acceleration". Nikikiweka alama na mwendo ukawa mzuri zaidi, nimepata ushahidi kwamba kadi ya michoro au draiva yake, yaani programu inayoiendesha, ina kasoro, kwa hiyo naisasisha draiva kisha naiondoa ile alama. Mwendo ukizidi kuwa mbaya, nimejifunza kwamba kadi ilikuwa inafanya kazi yake na kosa liko kwingine. Anayekiweka alama kisha akakisahau amejiwekea tatizo la mwaka mzima, kwa kuwa kila slaidi atakayoitengeneza baadaye itachorwa kwa njia ya polepole.

Kuhusu draiva kuna hali moja ambayo naikuta mara nyingi katika kompyuta zilizopigwa Windows upya mtaani. Fundi ameweka Windows, ameweka Office, mteja ameona kompyuta inawaka na kulipa, lakini draiva ya kadi ya michoro haikuwekwa. Fungua Device Manager na utazame chini ya Display adapters. Ukikuta pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter badala ya jina la kadi ya Intel, AMD au NVIDIA, umefika mwisho wa upelelezi. Kwa draiva hiyo ya dharura, Windows hupata picha tu, na uchoraji wa uhuishaji huangukia prosesa. Pakua draiva kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta hiyo, kwa kufuata namba ya modeli iliyoandikwa chini yake. Kwa kompyuta zenye kadi mbili, moja dhaifu ya kuokoa betri na nyingine yenye nguvu, Windows 10 na 11 zina ukurasa wa Graphics ndani ya mipangilio ya skrini, ambapo unaweza kuichagua PowerPoint na kuielekeza itumie kadi yenye nguvu.

Tuingie ndani ya faili, ambako ndiko kwenye makosa mengi. Mkosaji mkubwa ni picha, na ugumu wake ni kwamba ukubwa wa faili hudanganya. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 inaweza kuwa na MB 3 au 4 tu kwenye diski kwa sababu imebanwa kwa JPEG, lakini ili ichorwe ni lazima ifunguliwe, na ikifunguliwa kila pikseli huchukua baiti nne, hivyo picha moja inakalia takriban MB 48 za kumbukumbu. Picha kumi za namna hiyo kwenye slaidi moja, hata kama kila moja imepunguzwa ikawa ndogo kama stempu, zinakaribia MB 480. Kuipunguza kwa kuvuta kona peke yake hakubadilishi picha iliyohifadhiwa. Kuikata kingo kwa zana ya kukata nako hakubadilishi, kwa kuwa sehemu iliyokatwa inafichwa tu.

Ukitaka kujua kilichomo kweli, tengeneza nakala ya faili, badilisha kiambishi chake kutoka pptx kuwa zip, na uifungue. Faili la PowerPoint kwa hakika ni kifurushi kilichobanwa, na picha na video zote zimo ndani ya folda iitwayo ppt, kwenye folda ndogo ya media. Zipange kwa ukubwa na utaona wakosaji wakiwa wamejipanga. Ikiwa Windows haionyeshi viambishi vya mafaili, itabidi kwanza uviwashe kwenye menyu ya View ya kidirisha cha mafaili. Ukishawajua, rudi PowerPoint, bonyeza picha yoyote, fungua Picture Format na uchague Compress Pictures, uondoe alama ya kubana picha hiyo moja tu, uache alama ya kufuta sehemu zilizokatwa, kisha uchague pikseli 150 kwa inchi. Kwa projekta nyingi kiwango hicho kinatosha kabisa. Kile cha 96 mimi hukiepuka kwa sababu ramani na majedwali yaliyopigwa picha huanza kutosomeka.

Mkosaji wa pili ni madoido: kivuli, mng'ao, kingo laini, uangavu (kitu kuonyesha kilicho nyuma yake), na rangi inayobadilika polepole kutoka moja hadi nyingine. Kitu cha rangi moja kinapotembea, kompyuta huhamisha rangi tu. Kitu chenye uangavu kinapotembea, kila pikseli yake ni lazima ichanganywe na ile iliyo nyuma yake, upya katika kila fremu, na vitu vitano vyenye uangavu vikipishana vinachanganywa kimoja juu ya kingine. Ndiyo maana duara moja kubwa lenye kivuli laini linaweza kuilemea kadi ya michoro kuliko mistatili hamsini mitupu. Madoido ya kufifia, kuzunguka na kukua ni mazito kuliko ya kutokea ghafla au kusogea, na hupimwa kwa eneo la kitu: kukizungusha kitu kinachojaza slaidi nzima ni kazi tofauti kabisa na kuzungusha nembo ya pembeni. Kuhusu maandishi yanayoingia herufi moja moja, kila herufi ikiwa na mwendo wake, sina huruma nayo. Yanachosha kompyuta, na yanamchosha zaidi mgeni rasmi aliyeketi mbele akisubiri sentensi ikamilike.

Kuna pia michoro ya vekta, yaani inayohifadhiwa kama nukta na mistari badala ya pikseli, na hapa watu wenye ujuzi ndio wanaonaswa, kwa sababu wamesikia kwamba vekta ni nyepesi. Ni nyepesi kwenye diski. Ramani ya mikoa 31 ya Tanzania ikiwa katika vekta, pamoja na kona zote za pwani, visiwa na kingo za maziwa, ina maelfu ya nukta, na ukiiamuru ikue taratibu kwenye slaidi, kingo zake zote hukokotolewa upya. Kama ramani haina haja ya kubadilisha rangi ya mkoa mmoja mmoja, ikate na uibandike tena kama PNG, yaani picha ya kawaida ya pikseli, kwa kutumia Paste Special. Kitu kilichokuwa maelfu ya nukta kinakuwa picha moja. Kama kitakua wakati wa onyesho, kikuze kwanza hadi ukubwa wa mwisho, ukigeuze kuwa PNG, kisha ukipunguze, la sivyo kitakuwa na ukungu kikifika kileleni.

Slaidi iliyokusanya karibu makosa hayo yote niliiona kwa mkufunzi mmoja wa chuo cha uuguzi. Ilikuwa slaidi ya mzunguko wa damu: moyo katikati, mapafu juu, na matone mekundu na ya buluu yakitembea kupitia vyumba vinne vya moyo. Ilikuwa imetengenezwa kwa uangalifu mkubwa, na ilikuwa haitazamiki. "Fundi, hii kompyuta imechoka," aliniambia. Nikamjibu, "Mwalimu, tuiache kompyuta kwanza, tuutazame moyo." Mstatili wangu wa majaribio uliteleza vizuri kwenye kompyuta ile ile. Ndani ya slaidi kila tone lilikuwa na mng'ao na kivuli chake, kila moja lina njia yake ya mwendo inayojirudia hadi mwisho wa slaidi, na yote yalianza kwa pamoja. Moyo ulikuwa kundi la maumbo mengi yenye uangavu, na kundi zima lilikuwa likikua na kusinyaa ili kuonyesha mapigo. Nyuma ya vyote kulikuwa na picha ya simu ya ukubwa kamili, iliyofifishwa kwa uangavu hadi ikabaki kivuli tu.

Picha ya nyuma iliondoka kwanza, na mkufunzi alikubali bila kubisha kwa sababu hakuna mwanafunzi aliyewahi kuiona. Moyo tuliugeuza kuwa PNG moja. Mng'ao na kivuli cha matone tulivifuta, tukaacha rangi tupu. Matone tuliyapunguza, na yale yaliyobaki tukayapa ucheleweshaji tofauti ili yasianze yote katika fremu moja. Katika mishipa iliyonyooka tuliweza kuunganisha matone kadhaa kuwa kundi moja linalosogea kwa njia moja. Kwenye kona hilo haliwezekani, kwa kuwa kundi husogea kama kipande kimoja na matone ya mwisho hutoka nje ya mshipa. Baada ya hayo mwendo ukawa mwepesi, isipokuwa kwenye vali: kila tone lilipofika kati ya atiria na ventrikali lilisita, likasimama, kisha likaanza tena polepole. Mwalimu aliamini hapo ndipo kompyuta inapozidiwa. Kumbe kompyuta ilikuwa inatii. PowerPoint huipa kila njia ya mwendo mwanzo wa taratibu na mwisho wa taratibu, na safari ya tone ilikuwa imeunganishwa kwa njia mbili zinazokutana kwenye vali, kwa hiyo tone lilifunga breki mwishoni mwa njia ya kwanza na kuanza upya ile ya pili. Ukifungua Effect Options za njia hiyo na kushusha Smooth start na Smooth end hadi sifuri kwenye maungio, kusita kunakwisha. Hakuna kompyuta, hata iwe ya bei gani, ambayo ingetibu kusita huko.

Mambo mengine ya ndani ya faili nitayapitia haraka. GIF, yaani picha fupi inayojirudia, iliyotengenezwa kwa fremu nane kwa sekunde itarukaruka popote itakapochezwa, kwa kuwa hizo ndizo fremu ilizo nazo. Mpito wa Morph, unaogeuza vitu vya slaidi moja kuwa vya slaidi inayofuata polepole, hulemewa pale unapoigeuza picha ndogo kuwa kubwa ya slaidi nzima huku vitu vingine vingi vikihama, na toleo la zamani lisiloujua mpito huo huonyesha kufifia kwa kawaida badala yake. Video ni kesi tofauti na uhuishaji: iwe faili la MP4 lenye ubanaji wa picha wa H.264 na wa sauti wa AAC, na kama ni nzito itumie Compress Media iliyo kwenye ukurasa wa Info.

Sasa tuhamie ukumbini. Ikiwa kila kitu ni kizuri kwenye skrini ya kompyuta na kibaya ukutani, usiguse faili. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P na ujaribu kuonyesha kwenye skrini ya pili peke yake. Kunakili picha ile ile kwenye skrini mbili zenye pikseli na kasi tofauti ni chanzo cha kawaida cha kukwama. Kwa runinga ya 4K, shusha kiwango hadi 1920 kwa 1080 kwenye mipangilio ya Windows, au kwenye orodha ya Resolution iliyo ndani ya Set Up Slide Show. Wasikilizaji walioketi mstari wa tatu hawataona tofauti ya ukali wa picha, lakini wataona tofauti ya mwendo. Ukumbuke pia kwamba kebo na adapta za HDMI zina viwango: HDMI 1.4 hupeleka 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde, na picha 60 za kiwango hicho zilikuja na HDMI 2.0 mwaka 2013, kwa hiyo adapta ya zamani inaweza kukata mwendo nusu bila kuonyesha ujumbe wowote wa kosa. Adapta za USB ni za aina mbili ambazo kwa nje zinafanana. Zile zinazopitisha mawimbi ya kadi ya michoro kupitia USB-C hazina shida. Zile za teknolojia ya DisplayLink huibana picha kwa msaada wa prosesa na kuituma kama data, na kwa kompyuta dhaifu hilo peke yake linatosha kuharibu uhuishaji. Kuonyesha bila waya kunabana picha vilevile, na ukumbi uliojaa simu zilizounganishwa na Wi-Fi moja hauisaidii.

Skrini ya mtoa mada (Presenter View) nayo ni mzigo, kwa kuwa kompyuta huchora slaidi ya sasa, slaidi inayofuata na maelezo yako kwa wakati mmoja. Iondolee alama kwa muda kwenye menyu ya Slide Show uone kama kuna nafuu. Halafu kuna umeme. Unapokatika, jenereta huwashwa kwa ajili ya projekta na vipaza sauti, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kwamba kompyuta imebaki kwenye betri. Windows hupunguza kasi ili kuokoa chaji, na Windows 10 kwa mipangilio yake ya kawaida huwasha hali ya kuokoa betri chaji inaposhuka hadi asilimia 20, hivyo slaidi zilizoanza vizuri huanza kukwama katikati ya mada. Joto hufanya vivyo hivyo: prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe. Kompyuta mpakato iliyowekwa juu ya kitambaa kinene cha meza kuu, matundu yake ya chini yakiwa yamezibwa, mchana wa Dar es Salaam mwezi wa Februari, haihitaji kosa jingine. Iweke juu ya kitabu kigumu ili ipate hewa.

Kwa wanaotumia LibreOffice Impress, programu ya bure ya slaidi, kanuni ni zile zile, ila swichi zipo kwingine: Tools, Options, kisha View, ambapo kuna chaguo la uharakishaji na chaguo la Skia, mfumo wa uchoraji ulioingizwa katika toleo la 7.0 mwaka 2020. Menyu ya Tools ina pia zana ya kupunguza ukubwa wa onyesho inayobana picha zote kwa mkupuo. Faili lililotengenezwa PowerPoint likichezwa Impress linaweza kubadilika muda na mwendo, kwa hiyo ni vyema kulijaribu mapema kwenye programu ile ile itakayotumika siku ya kuwasilisha.

Pale ambapo mwendo ni mzito kwa lazima na kompyuta ya ukumbini haiwezi kubadilishwa, ninayo njia moja ya uhakika: kwenye File, Export, chagua Create a Video, utoe slaidi hiyo moja kama MP4, kisha uiingize video hiyo ndani ya slaidi badala ya uhuishaji. Kila fremu inakuwa imekwisha kuchorwa, na kucheza video ya kawaida ni kazi ambayo hata kompyuta dhaifu huimudu. Gharama yake ni kwamba hatua zilizokuwa zikisubiri kubonyezwa zinapoteza subira, na kwa mwalimu anayesimama kwenye kila hatua kuuliza swali, ni bora kuikata video vipande na kuweka kimoja kwa kila slaidi.

Mawasilisho ya mtandaoni nayatenga kabisa. Zoom inaposhirikisha skrini hutanguliza usomekaji wa maandishi kuliko ulaini wa mwendo, na mtandao wa mtazamaji ukipungua fremu ndizo zinazotupwa kwanza. Ukiweka alama kwenye chaguo la kuboresha kwa ajili ya video kabla ya kushirikisha, mwendo huongezeka na maandishi hupoteza ukali kidogo. Ndani ya Teams, programu ya mikutano ya Microsoft, njia iitwayo PowerPoint Live haitumi picha ya skrini yako. Slaidi hupakiwa na kuchorwa upande wa kila mtazamaji, na ndiyo maana uhuishaji huwa laini zaidi huko. Hata hivyo, ninapojua kwamba wengi watatazama kwa simu, hutengeneza nakala ya pili ya faili isiyo na njia zozote za mwendo, ambamo kila hatua ya uhuishaji ni slaidi yake inayojitegemea. Idadi ya slaidi inaongezeka, lakini mtoa mada anabonyeza kitufe kile kile cha mbele, na aliye na mtandao dhaifu anaona kila hatua ikiwa kamili.